Mama Chini ya Pikapu

Bomba la moshi la pikapu yetu lilikatika njiani tukitoka Mofu na magunia ya mpunga. Kelele mama alizivumilia. Kilichomkera ni moshi, maana ulipenya sakafuni ukamwingia baba, ambaye kifua chake kilikuwa kimeanza kuchoka. Tulifika Ifakara madirisha yote yako wazi, mvua inatupiga, na baba anakohoa mpaka machozi.

"Hapandi tena gari hili mpaka nilitengeneze," mama alisema.

Alikuwa amestaafu ufundi kwenye karakana ya matrekta, huko kwenye mashamba ya miwa. Mimi nilimjua kwa khanga na rozari. Kazini sikuwahi kumwona. Bomba jipya na sailensa yake vikaja na basi kutoka Dar, vimefungwa kwenye viroba. Jumamosi alizilowesha dizeli nati zote zilizoshikwa na kutu. Jumapili baada ya misa akavaa suruali ya kazi, akainua pikapu kwa jeki na kuishusha juu ya mataruma ya reli, kisha akaijaribu kwa kuisukuma kwa bega kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Ndipo akatandika mkeka, akaingia chini.

Majirani waliotoka kanisani walisimama uani wakaisalimia miguu yake.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba! Hamjambo huko juu?"

Kazi yangu ilikuwa kumpa spana na kukaza nati za mbele. Bomba la zamani lilitoka vizuri, lakini jipya likagoma. Kila tulipolipachika, sailensa iligusa ekseli. Nikamwambia si la gari letu, tulirudishe.

"Nati za mbele umezikaza?"

"Nimekaza kabisa."

"Zilegeze zote. Liache lining'inie kwanza."

Akaligeuza kwa viganja, kidogo kidogo, huku akichungulia, mpaka likaachana na ekseli. Baada ya hapo akakaza mwenyewe, akianzia mbele kurudi nyuma. Sikuwahi kuiona mikono ile ikifanya kitu kwa upole namna hiyo, hata alipotulea.

Nikawasha gari. Mlio ulikuwa mtulivu, nikadhani tumemaliza. Mama akaomba maji ya sabuni, akayapaka kwenye maungio. Kwenye ungio lililo chini ya kiti cha baba vikatokea vipovu vidogo; moshi ulikuwa bado unavuja.

"Mbona ni kidogo tu, mama," nilisema. Wingu zito lilikuwa limeshafunika milima upande wa Mang'ula.

"Na kifua cha baba yako kimebaki kidogo tu."

Akasubiri bomba lipoe, akafungua tena. Gasketi inayoziba ungio ilikuwa imejikunja. Akaitoa, akaweka nyingine. Mvua ikaanza, maji yakapita chini ya mkeka, naye hakutoka. Nilimshikia mwavuli, ukakinga miguu peke yake. Nilisimama pale nimelowa, nikijivunia kuzaliwa naye.

Safari hii sabuni ilitulia. Hata hivyo hakumwita baba. Aliliendesha gari kwanza peke yake mpaka barabara kuu na kurudi, akinusa.

Kesho yake tulikwenda Idete. Baba alikaa mbele kwa tahadhari, akavuta pumzi moja fupi, kisha ndefu.

"Nasikia harufu ya udongo," alisema.

"Ndiyo," mama akamjibu, akabadilisha gia.