Kibuyu cha Mama

Nilipokuja likizo nyumbani kwetu Mhunze, mwaka wa tatu wa masomo yangu ya uzamivu, mama aliniuliza kwa mara nyingine ninasomea nini. Nilikuwa nimechoka kueleza, nikamjibu kwa ukali kidogo: "Nachunguza ioni, mama. Ni vitu vidogo mno vyenye umeme, havionekani. Tunavimulika kwa mwanga wa infraredi, vinatikisika, na kwa mtikisiko huo tunajua vina umbo gani."

Alikuwa ameketi mkekani akisukasuka maziwa kwenye kibuyu. Akanipa kile kibuyu. "Siagi imeshika?"

Nikashika kizibo nifungue. Akanichapa mkono. "Bila kuchungulia! Si ndiyo kazi yako hiyo?"

Nikakitikisa, nikasikiliza. "Imeshika," nikasema, kwa majivuno yote ya maabara.

Mama akakichukua, akakitikisa mara moja tu, akanirudishia mapajani. "Bado. Tikisa, mwanangu. Usiwe na haraka."

Nilitikisa mpaka mkono ukauma. Tangu siku ile hajaniuliza tena ninasomea nini. Akipiga simu anauliza tu, "Imeshika?" Nami namjibu, "Bado, mama. Natikisa."