Majibu Tuliyoyapata Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia wodi ya wanawake na gauni jeupe nililolipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Sista wa Wodi alinitazama kuanzia kofia mpaka nyayo, kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Jina lako nani?"

"Kadzo, Sista."

"Haya, Kadzo. Hapa hatuwaulizi wagonjwa wanajisikiaje. Tunapima."

Nikapima kutwa nzima. Joto, presha, mapigo ya moyo, mkojo uliomo kwenye mfuko wa mpira. Yote nikayaandika kwenye chati, ile karatasi inayoning'inizwa miguuni pa kitanda. Jioni nilirudi nyumbani miguu imevimba, nikamwambia mama yangu nimepata kazi ambayo sitaiacha. Alinicheka, akanipa maji ya moto ya kukanda miguu.

Wanangu mnaosomea uuguzi leo mna mashine zinazopiga kelele zenyewe mgonjwa akizidiwa. Sisi tulikuwa na macho na masikio, na wakubwa wakali. Kutoka wodini nilipelekwa kituo cha afya cha Changamwe, nikasafisha na kufunga vidonda vya watu wa viwandani mpaka nikawa naota bandeji. Kisha nikahamishiwa Kisauni, chini ya Muuguzi Msimamizi, mama mfupi mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Huyo alinifundisha jambo ambalo siku hizi lina somo zima chuoni, linaitwa uuguzi wenye huruma. Yeye aliliita adabu. "Mgonjwa akikushika mkono usiuchomoe," alikuwa akisema. "Ukiuchomoa, hata dawa uliyompa ataitilia shaka." Nilimwogopa na nilimpenda, na mpaka leo mgonjwa akinishika mkono nasubiri auachilie mwenyewe.

Lakini kazi ilianza kunoga nilipovuka feri kwenda Likoni. Huko hospitali ilikuwa imeanzisha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mtu mateso pale ambapo ugonjwa wenyewe hautapona. Tulikuwa wauguzi wachache, mimi nikiwaongoza, na gari moja lililokuwa likikohoa kuliko wagonjwa. Tulizunguka mitaa ya Timbwani, Shika Adabu na Mtongwe, nyumba hadi nyumba. Tuliosha vidonda, tuliwafundisha jamaa kumgeuza mgonjwa ubavu kwa ubavu asichubuke mgongo, na tuliwapimia mofini ya maji, dawa chungu ya maumivu makali inayonywewa kidogo kidogo. Nilikuwa naamka na hamu ya kwenda kazini kama mtoto anayesubiri nguo za Idi.

Ndipo Muuguzi Mkuu wa hospitali aliponiita ofisini. Alikuwa mtu wa haki, tena asiyependa maneno mengi.

"Kadzo, wodini watu hawatoshi, nawe unanizungushia wauguzi vichochoroni. Nionyeshe kwamba hao wagonjwa wa majumbani wana shida ambayo nyinyi mnaiondoa. Usiponionyesha, nawarudisha nyote wodini."

Sikukasirika. Alikuwa na wodi zilizojaa. Lakini niliwajua wale wagonjwa kwa majina na kwa milango yao, na nilijua tukiondoka hakuna mwingine atakayekuja.

Basi tukaletewa Daktari wa Utafiti, binti wa bara mwenye miwani na mwendo wa haraka, nami nikawa msaidizi wake. Alinifundisha dodoso, yale maswali yanayoulizwa kila mtu kwa namna moja ili majibu yalinganishwe. Alinifundisha ridhaa, kwamba mgonjwa ana haki ya kukataa kuulizwa na asinyimwe huduma. Na alinifundisha maneno yaliyonikaa moyoni: ubora wa maisha. "Hatupimi ataishi siku ngapi, Sista," aliniambia. "Tunapima siku alizonazo anaziishi vipi." Wallahi, mimi Mkristo niliapa pale pale kwamba hii ndiyo kazi niliyozaliwa kuifanya. Hatimaye niliruhusiwa kuwauliza wagonjwa wanajisikiaje.

Tukauliza Likoni nzima. Maumivu yako ni kiasi gani, kutoka sifuri mpaka kumi? Unalala vizuri? Una raha kiasi gani? Tulipoyajumlisha majibu, Daktari alivua miwani akaiweka mezani.

"Sista, kwa majibu haya, hawa wagonjwa ni wazima kuliko mimi."

Ilikuwa kweli. Waislamu walijibu alhamdulillahi, Wakristo wakajibu Bwana asifiwe, na wote kwa pamoja hawajambo. Muuguzi Mkuu aliyasoma, akasema kama ni hivyo, mwisho wa mwezi turudi wodini. Nilikuwa nimeona vidonda vya watu wale kwa macho yangu, na sasa karatasi zetu wenyewe zilikuwa zinatufukuza.

Siku zilizobaki tuliendelea na kazi kama kawaida, na Daktari aliomba tufuatane. Nikampeleka Mtongwe kwa Mzee Hamadi, aliyekuwa mpagazi wa bandarini, mtu wa kifua kipana ambaye saratani ya tezi dume ilikuwa imemwingia mifupani. Mofini tulimwachia, lakini chupa ilikuwa haipungui. Tulimkuta amelala kitandani, mkewe Bi Mwanasiti ameketi kando yake.

"Shikamoo, mzee. Hali yako?"

"Marahaba, mwanangu. Njema, alhamdulillahi."

"Maumivu je?"

"Maumivu hayakosekani kwa mja. Sijambo."

Daktari akauliza maswali yake yote, akajibiwa vivyo hivyo. Tukaaga, tukasimama. Hapo Mzee Hamadi akaweka mkono ukingoni mwa kitanda, akajaribu kuinuka. Hakuweza. Akajaribu tena, jasho likamtoka, akaanguka kwenye mto na kugeuzia uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka.

"Niwieni radhi," alisema. "Mgeni atoka nyumbani mwangu na mimi nimelala. Haijapata kuwa."

Bi Mwanasiti akatutoa yeye, akitusindikiza. Tulipofika mlangoni akanishika mkono, akashusha sauti.

"Hapati lepe la usingizi, mwanangu. Huuma shuka wajukuu wasimsikie."

"Mbona hakutuambia, bibi?"

"Atawaambiaje? Mgeni auliza hali, ajibiwa njema. Utampaje mgeni maumivu na hata chai hajanywa?"

Sikuuchomoa mkono wangu. Alipouachilia tulitoka uani, na Daktari akasimama ghafla nami nikasimama, tukaanza kusema sote kwa wakati mmoja. Tulikuwa tunauliza tumekaa, tunafunga karatasi, ndipo tunaaga. Na kumbe Pwani hii maneno yenyewe husemwa wakati wa kuaga, mgeni anaposindikizwa, heshima zote zimeshatimizwa. Nimezaliwa na kulelewa hapa, na maisha yangu yote nimesimama milangoni nikisikiliza mambo mazito kuliko yale yaliyosemwa ndani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na Daktari, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, aliniegemea begani akicheka pia.

Utafiti haubadilishwi kienyeji. Tulirudi kwa kamati ya maadili, wale wanaolinda haki za wanaoulizwa, tukaomba kibali upya, tukaomba na ridhaa ya jamaa wanaotusindikiza. Muuguzi Mkuu akatuongezea muda, kwa shingo upande. Dodoso jipya lilianza baada ya kuaga, na swali lake la kwanza tulilitunga mimi na Daktari njiani: mgeni wako wa mwisho ulimsindikiza mpaka wapi? Badala ya sifuri mpaka kumi tulikuwa na kitandani, mlangoni, barazani, barabarani. Watu walijibu kabla hatujamaliza kuuliza. Mama mmoja wa Shika Adabu alinieleza hata mti aliokuwa akiufikia zamani akiwasindikiza jirani zake, kisha akalia, kisha akaniambia pale panapomuuma.

Kwa Mzee Hamadi nilirudi, nikaishika chupa ile ile isiyopungua. "Mzee, dawa hii ni ya kukufikisha mlangoni," nilimwambia. Akafungua kinywa, nikamnywesha.

Muuguzi Mkuu alitaka kujionea mwenyewe, tukaenda naye Mtongwe. Aliuliza hali, akajibiwa njema, akanitupia jicho la kuniambia umeona. Kisha akaaga. Mzee Hamadi aliinuka polepole, mkono mmoja begani kwa mkewe na mwingine ukutani, akamtoa mkubwa wangu mpaka barazani. Pale, akiwa amesimama kwa miguu yake, akamweleza alivyokuwa akiteseka kabla ya dawa, bila kuficha kitu. Gari lilipokaribia feri, Muuguzi Mkuu akamwambia dereva ageuze. "Mgonjwa wa pili ni nani?" akaniuliza. Huduma haikufungwa, na swali letu liliingia kwenye chati ya kila mgonjwa wa majumbani.

Mzee Hamadi alifariki nyumbani kwake. Nilipokwenda kumpa makiwa Bi Mwanasiti, aliniambia shuka lilikuwa zima.

Sasa nimestaafu. Wengine hustaafu wakapumzika, mimi nazungumza. Vijana wanakuja kwangu Shika Adabu kuuliza, nami nawaambia kwamba kipimo ni kitu kizuri, ila ujue mahali unapopimia. Kazi hii nimeipenda, na ningeambiwa nianze tena ningelipiga pasi lile gauni leo hii.

Juzi alikuja Rehema, muuguzi kijana ambaye ndiye anayezunguka Likoni siku hizi, peke yake. Nilimuuliza hali, akasema njema. Akauliza habari za dozi na vidonda na namna ya kuandika ripoti, nikamjibu yote kwa furaha. Alipoaga nikamtoa. Tulipofika barabarani akasimama.

"Mama, nataka kuomba nirudishwe wodini."

"Kuna nini?"

"Wananifia. Nikishawazoea tu, wananifia. Sijamwambia mtu."

Nikamshika mkono, nikamuuliza kesho anaanzia kwa nani.

"Kwa bibi mmoja wa Timbwani, mwenye saratani ya titi."

"Nipitie," nikamwambia. "Tutakwenda sote."

Asubuhi alinikuta barazani, viatu nimeshavaa.