Udongo Kwenye Kopo la Maziwa

Nilipokuwa mtoto kule kwetu Minago, kando ya ziwa, hakuna aliyeshuka kutoka mashamba ya mlimani bila kusimama kwenye jiwe moja la kijivu, juu kidogo ya mto, akakung'uta miguu. Bibi yangu, aliyenilea, alinishika kifundo na kunisugua nyayo kama anaosha sufuria.

"Kung'uta vizuri, mama. Huu mulima iko muzee, nyama yote imemuisha. Ukimubebea udongo wake, ataufuata."

Na kitu kingine alinifundisha: mto ukiwa mwekundu na huku chini hakujanyesha, mlima umeshaanza safari, usiokote kitu, kimbia.

Nilikuwa mwaka wa sita shuleni. Mwalimu wa jiografia akatuambia milima hii ni ya kale sana, zamani ilikuwa mirefu kuliko hivi, mvua inaila kidogo kidogo na kuipeleka ziwani. Nikaona ni maneno yale yale ya Bibi, ila huyu ana chaki. Akataka kila mmoja alete udongo wa kwao. Nikajaza kopo la maziwa udongo mwekundu wa mlimani, nikalificha ndani ya kitenge, nikakung'uta miguu mbele ya Bibi, safi kabisa. Kopo likawekwa dirishani darasani, jina langu juu yake.

Siku ya tatu natoka shule, mchana, jua linawaka, nikafika mtoni nikaona maji mekundu kama mawese. Bibi alikuwa hapo chini kidogo, anachochea moto chini ya pipa la mawese, ameupa mto mgongo. Angenisikia. Lakini nikisema, atauliza nani amebeba udongo, na mimi uongo haunikai usoni, basi nikamwamkia tu. Akanijibu mihogo iko chunguni. Nikavuka, nikapanda nyumbani upande wa pili, nikala. Nilikuwa bado natafuna niliposikia mlima.

Bibi walimpata karibu na ziwa. Sikulia. Nilikwenda shule kuchukua kopo nirudishe udongo, nikakuta aliyefagia darasa ameumwaga.

Hayo sijamwambia mtu. Sekondari nimeimaliza, najua miti iliyokatwa kule juu ndiyo iliyolegeza ardhi, naweza kuchora na mishale. Kopo halikumuua Bibi. Nilijua neno moja la kumwambia na sikulisema, kwa kuogopa kugombezwa.

Juzi asubuhi nimekwenda mtoni kufua, binti yangu wa miezi saba mgongoni, mto mwekundu, chini hakuna hata tone. Nguo nimeziacha hapo hapo. Nimepita mlango kwa mlango nikisema, sauti naisikia kama ya mtu mwingine. Mume wangu alikuwa anashona wavu.

"Weye na mulima wako," akacheka. Kisha akaniangalia usoni, akaukunja wavu.

Mpaka leo mlima haujashuka. Majirani wameanza kurudi, wananitania. Mimi niko Gatete kwa mama mkwe na sirudi, wacheke.

Ila juzi, tukikimbia, mume wangu akiniita niharakishe, nilisimama kwenye lile jiwe. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikazikung'uta nyayo zake, moja, na ya pili, nyayo ambazo hazijawahi kukanyaga chini.