Mandolini Iliyokazwa Mno

Sogea karibu nikusimulie, nawe usione haya kuuliza nikikuacha nyuma. Majuma yale ya mwaka 2015 chumba chetu cha mtaa wa Bertrams, Johannesburg, kilinuka mafuta ya nywele na ncha za rasta zilizochomwa, maana mama, msusi kutoka Lubumbashi, alikuwa akisukia nyumbani. Mitaani wageni walikuwa wakipigwa. Shule sikwenda. Mlango ulikuwa na kufuli mbili, na kila nikigusa pazia nilimsikia mama, "Toka ku dirisha, mwana. Inje haiko bien."

Nilikuwa na miaka kumi. Kilichonipa kazi ni mandolini ya jirani yetu mzee, aliyotuachia alipohamia kwa bintiye: kama gitaa dogo, nyuzi nane, mgongo wa duara kama kibuyu kilichopasuliwa. Mama alitaka kuiuza tupate nauli ya kurudi kwa bibi, Lubumbashi. Kwa simu ya mama nilijifunza mtandaoni jinsi ya kuikagua. Nilimulika tundu la sauti nikasoma karatasi iliyobandikwa ndani: jina la fundi Mwitaliano, na chini yake, Johannesburg. Kumbe naye alikuwa mhamiaji. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ili kuona upande wa ndani wa uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu, niliingiza kijioo ambacho mama huwaonyeshea wateja visogo vyao. Mbao zilikuwa nzima.

Tonton Kabeya, mjomba wa heshima tu, mpiga gitaa wa kanisani tuliyepanga naye, akaifungia mandolini nyuzi za gitaa. "Ikilia vizuri ndiyo itauzika," alisema. Basi kila siku niliikaza kidogo, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya. Siku moja kijioo kilinionyesha ufa mwembamba kama unywele. Nikanyamaza.

Ghasia zilipotulia na mlango ukafunguliwa, tulipanda basi hadi mtaa wa Braamfontein. Muuza vyombo vya muziki aliweka rula juu ya uso. Mwanga ukapenya chini yake.

"Kazi za fundi huyu zinatafutwa," alisema kwa upole. "Lakini nyuzi hizi ni nzito, na uso umezama. Siichukui."

Mama alizigusa kwa kidole. "Eish. Hata nywele ukikaza hivi, kichwa inalia."

Hakunigombeza. Tulirudi, akafunga kufuli zote mbili.

Leo nina ufunguo wangu, na watoto wa jengo hucheza koridoni bila kuulizwa. Ila kelele zikizidi barabarani, mkono wa mama bado huenda kwenye kufuli. Nauli hatukuipata, na bibi tulimzika kwa simu, tukisikiliza mazishi kutoka huku. Mandolini iko ukutani, haina uzi hata mmoja. Nawe ukipata ya kale, usiikaze ili uisikie. Legeza nyuzi kwanza, kisha tafuta kijioo uchungulie ndani, na ukiona ufa, mwambie mtu siku hiyo hiyo.