Mkanda wa Kapita Damas

Kapita Damas alikuwa na mkono mwepesi, na kambi nzima kule Shituru ilijua. Kiwandani alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa watu kumi na wanane kwenye mikanda ya mpira inayobeba mawe ya shaba. Mkanda mmoja ulipochakaa, alikata kipande cha urefu wa mkono, akakitoboa tundu, akakitia kamba ya kukitundikia kwenye msumari wa barazani kwake, akakiita "mwalimu". Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara na kung'oa nyasi ambayo serikali ilimtwika kila raia, yeye ndiye aliyesimamia mtaa wake. Ukichelewa, unakutana na mwalimu.

Msidhani alikuwa mtu wa kupandwa na hasira tu. La! Angekuwa hivyo, afadhali. Yeye alipiga kwa utaratibu. Kwanza alivua saa yake isije ikavunjika, akampa binti yake Suzanne, wa miaka saba, amshikie. Kisha akakunja mkono wa shati, mikunjo miwili, akauliza kwa upole, "Saa ngapi sasa?" Ukijibu, umekosa. Ukinyamaza, umekosa.

Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Mkewe Georgette alichapwa bukari, ugali wa jioni, ikipoa, alichapwa maji ya kuoga yakichelewa, alichapwa akiuliza kwa nini anachapwa. Jioni moja alipigwa mpaka jino likamtoka, likaangukia kwenye sahani ya samaki wa ziwa Tshangalele, na Suzanne amesimama palepale, saa kiganjani, hapepesi macho. Damas akaona fahari.

"Huyu mutoto iko na akili," aliwaambia wenzake kazini. "Hapana kulia-lia. Anaangaliaka tu."

Ee bwana, aliangalia kweli!

Jumamosi moja, mwaka sabini na sita, salongo ilipokwisha, Damas alikaa barazani na jirani yake Georges, fundi wa reli, wakinywa munkoyo baridi. Watoto walikuwa nyuma ya nyumba, nao wanacheza salongo yao. Suzanne ndiye kapita. Alikuwa amewapanga wenzake sita mstari mmoja, kila mtu na ufagio wake wa majani. Casimir, mtoto wa Georges, wa miaka mitano, akaja mbio nyuma ya wote, mdomo umejaa karanga.

"Saa ngapi sasa?" sauti ya Suzanne ikasikika.

Damas akacheka mpaka akajimwagia munkoyo. "Unasikia, Georges? Kapita mwanamuke!" Georges naye akacheka. Nani asingecheka?

Halafu ukaja mlio ambao Damas aliujua kuliko mtu yeyote kambini, mpira juu ya nyama. Aligeuka kuangalia msumari ukutani. Mwalimu hayupo.

Walipofika nyuma, Casimir yuko chini amejikunja, damu inamtoka katikati ya vidole alivyofunika uso. Suzanne anaendelea tu. Alikuwa amevua saa aliyosokota kwa nyasi, akampa mtoto mwingine amshikie. Mkono wa gauni lake umekunjwa, mikunjo miwili. Alipiga mgongo, akapiga shingo, akapiga sikio, wala hakuwa na hasira. "Utachelewa tena?" Paa! "Utachelewa tena?" Paa! Na wale watoto wengine sita bado wako kwenye mstari wao, wanatetemeka, hakuna aliyethubutu kutoka.

Georges alimsukuma Suzanne, akamnyanyua mwanawe, akatoka mbio naye kuelekea hospitali huku anapiga kelele kama mwendawazimu. Damas alimpokonya binti yake mkanda, akauinua juu kabisa. Suzanne hakukimbia. Alinyoosha kiganja, anangoja apewe saa amshikie baba.

Mkono wa Damas ukaishia hewani.

Georgette alikuwa ametokea mlangoni. "Mupige basi!" alimpigia kelele, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa kumpandishia mumewe sauti. "Mupige! Mumalizie masomo yake!"

Damas akaushusha mkanda. Alikuwa anaogopa, na alichokuwa anakiogopa ni yule mtoto.

Jicho la kushoto la Casimir halikuokolewa. Daktari alisema hivyo siku ya tatu, na habari ikazunguka kambi kabla ya jua kutua. Damas aliutia mkanda motoni. Moshi wake ulinuka mtaa mzima na majirani wakafunga madirisha. Hakuna aliyekuja kumpongeza. Wiki ya nne, Jumapili baada ya misa, alimshika Suzanne mkono, akachukua na jogoo, akaenda kwa Georges ili mtoto aombe msamaha.

Bibiane, mama yake Casimir, aliwazuia mlangoni.

"Huyu unamuleta ya nini?" alisema. "Yeye anafanyaka ile anaonaka. Abakie nje. Ingia weye."

Damas aliingia peke yake. Casimir alikuwa kitandani, kichwa kimefungwa bendeji. Yule kapita aliyepiga magoti kanisani tu, akapiga magoti kwenye saruji mbele ya mtoto wa miaka mitano. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Casimir, baba, unisamehe. Ni miye."

Mtoto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akalifunika kwa kiganja lile jicho lililobaki.

"Baba Suzanne," aliuliza, "hii ingine utakuya kuitwaa siku gani?"