Simu ya Bosi Nyumbani kwa Mama

Kwetu Mbwawa wanaujua mdomo wangu. Muuza mkaa akinipunja kipimo, mtaa mzima unasikia. Jirani akimwaga maji machafu upande wangu, namfuata hukohuko mlangoni kwake na kumweleza. Sasa mwenye mdomo huohuo, kila asubuhi akivuka geti la kazini Kibaha, alikuwa anageuka kuku aliyenyeshewa.

Tulikuwa tunauza vifaranga na chakula cha kuku. Mimi nilikuwa karani wa mauzo, na nilianza na mzee mwenye kampuni, mtu mwenye kelele zake lakini hana kinyongo. Anakugombeza asubuhi, mchana mnakula ugali meza moja. Alipougua akamwachia mwanawe, kijana wa miaka thelathini na kitu. Mimi nimevuka hamsini. Wiki ya kwanza tu akatutangazia kwamba ofisini hakuna umri, kuna cheo, kwa hiyo wa kuamkiwa ni yeye. Akiingia tunasimama wote: shikamoo bosi. Marahaba yake anaitoa akiwa ameshatupita, macho kwenye simu. Jamani, mtoto niliyekuwa namnunulia biskuti akija pale na baba yake.

Shikamoo peke yake ningeimeza. Kila Jumatatu kulikuwa na kikao uani, anamchagua mmoja wetu, anamsimamisha mbele na kumsomea makosa yake mpaka mtu anakaukiwa mate. Sisi wengine tunatazama chini, tunamshukuru Mungu kwamba leo si zamu yetu. Tukaanza kuogopana. Mchana kila mtu na bakuli lake kwenye kona yake, kwa sababu maneno ya mezani yalikuwa yanamfikia bosi kabla hatujanawa mikono. Simu zake nazo hazikujua Jumapili wala msiba. Presha ikanipanda. Daktari akaniuliza nina mawazo gani, nikamjibu sina mawazo yoyote, labda chumvi.

Kuacha kazi nilifikiria, tena sana. Lakini binti yetu yuko chuo, mume wangu ni seremala ambaye kazi leo ipo, kesho hakuna, na mshahara wa pale, niseme haki ya Mungu, haukuwahi kuchelewa. Nikimlalamikia mume wangu ananiambia nivumilie, mtoto amalize. Wenzangu kazini nao wimbo wao ni mmoja, utakwenda wapi na umri huo? Nikawa navumilia.

Siku moja niliomba ruhusa nikaenda Kisarawe kumwona mama, goti lilikuwa linamsumbua. Tumekaa barazani kwake, mimi nimenyoosha miguu mkekani, yeye kwenye kigoda anachambua kisamvu na kunisimulia harusi ya jirani iliyoishiwa pilau kabla ya upande wa bwana harusi kula. Nacheka mpaka mbavu zinauma. Simu ikaita, na alikuwa bosi.

Nilichokifanya nilikijua baada ya kukata ile simu. Nilikuwa wima katikati ya baraza, kanga nimeikaza kiunoni, mkono mmoja nyuma, kichwa nimekiinamisha. Na shida yake yote ilikuwa kuuliza ufunguo wa stoo uko wapi, na ufunguo uko msumarini, palepale unapokaa siku zote.

Mama akaniuliza huyo mzee niliyemwamkia ni nani. Nikamwambia ni bosi wangu. Akauliza ana miaka mingapi, nikamtajia. Akaweka ungo chini.

"Yuko Kibaha huyo," alisema. "Hakuoni. Mbona umesimama?"

Mimi huyu wa majibu, nilijirudisha mkekani kama mtoto. Nikalia. Mama hakunibembeleza, si mtu wa mambo hayo. Alisema nikimaliza nimtwangie kisamvu, nami nikatwanga kwa hasira hadi akaniambia taratibu, kinu bado anakitaka.

Nikarudi Mbwawa nimejiapiza kwamba simu ya yule kijana nitaipokea nikiwa nimekaa. Kitu kidogo tu, sivyo? Ikaita siku ya Jumapili, nikang'ang'ania mkono wa kochi kwa nguvu zangu zote. Kufika kwenye shikamoo bosi, nimeshasimama. Siku nyingine ilinikuta nimelala, nikajifunika shuka makusudi, na bado nikajikuta nimesimama pembeni ya kitanda, shuka miguuni. Ungeniona ungecheka. Mimi niliogopa. Mdomoni nilikuwa nasema navumilia kwa ajili ya mtoto, kumbe miguu imeshakuwa ya mtu mwingine. Nikaona hapana, kesho nitaamka na kichwa nacho si changu.

Barua niliiandika siku ileile. Mume wangu nilimwambia asubuhi nikiwa nimeshavaa viatu, asipate nafasi ya kubishana. Alinitazama, akarudi kwenye chai yake.

Nilikuwa na hotuba. Nimeikariri bafuni, yote yamo, vikao vya uani, simu za msibani, hata zile biskuti. Bosi akaisoma barua, hakuinua hata uso.

"Sawa. Funguo mwachie mlinzi."

Basi, imeisha. Hotuba yangu yote imebaki bila wa kuisikia. Nikatoka mpaka barabara ya Morogoro, malori yananipita, nikaanza kucheka peke yangu hadi mama muuza machungwa akanisogezea benchi, labda alidhani nimepatwa na kichaa. Huyu ndiye niliyekuwa namtetemekea miaka yote hii? Nikakaa, nikala chungwa, nikala na la pili. Sijui kama nimewahi kusikia kifua chepesi namna ile.

Sitawadanganya, miezi ya mwanzo tulikula mlenda mpaka tukasahau nyama ina ladha gani. Sasa nauza chakula cha kuku hapahapa mtaani, kwa kilo, na wateja wengi walikuwa wananijua tangu kule. Ada tunalipa kidogokidogo, chuo kinanung'unika lakini kinapokea. Presha imeshuka.

Juzi jioni mume wangu alikuwa anapiga randa ubao uani, mimi napepeta mchele. Akasema tu, bila hata kuulizwa, kwamba wakati ule nilikuwa naongea usingizini.

"Samahani bosi, samahani bosi, hunyamazi," alisema. "Ikabidi niwe nakujibu."

Nikamuuliza alikuwa ananijibu nini.

"Haya, nimekusamehe, kakae. Ukiambiwa hivyo unatulia."

Ungo ukanisimama mikononi. Kwa hiyo mwanamume huyu alikuwa anaamka gizani, anajifanya bosi wangu, ili nipate usingizi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata siku moja. Akapuliza vumbi la mbao kwenye randa, akasema aliogopa nikijua nitaacha kazi.

Nilimpa maneno yake, tena mazito, naye anayapokea huku anapiga randa. Kisha machozi yakanitoka na kicheko humohumo. Nikamuuliza na siku hizi nasemaje.

"Siku hizi husemi kitu," alisema. "Unakoroma tu."