Sukari ya Nyumba Mbili

Mimi Mwatima sina haja ya kuficha: nina wivu, tena si wa kidogo. Mume wangu Wakil alipooa mke wa pili, miaka sita nyuma, watu wa mtaa wetu wa Malindi, hapa Unguja, walinambia nisubiri, kila kitu huzoeleka. Nshasubiri sana na sijazoea. Siku ile nilimwambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao," naye akainama, akafunga viatu vyake, akenda zake kazini bandarini. Yeye ni karani wa mizigo pale, mwaka wa thelathini huu.

Lakini nilikuwa na silaha moja ambayo Shadya, mke mwenzangu, hana. Jiko. Nani mtaani kwetu hajui mkate wangu wa kumimina, ule mtamu wa mchele na nazi? Biriani langu likifunuliwa, jirani hupata sababu ya kupiga hodi. Shadya kwao Pete, kule karibu na msitu wa Jozani, na niliposikia kwamba anampikia mume wangu mchicha, kisamvu na muhogo wa kuchemsha, nilicheka mpaka nikakaa chini. "Majani chakula cha kima punju," nikamwambia Wakil. "Siku ukiota mkia, usirudi kwangu." Wakil akacheka, akaongeza wali.

Zamu zetu ni siku mbili mbili. Siku mbili kwangu Malindi, siku mbili kwa Shadya Kikwajuni.

Mwaka jana Wakil akagundulika na maradhi ya sukari. Hospitali wakampa vidonge, kipimo cha kutoboa kidole, na daftari la kuandikia namba kila asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni. Sasa karani ni karani. Wakil hawezi kuandika namba bila ya kuonesha mzigo umetoka wapi. Kila namba akaitilia herufi pembeni: M, M, S, S, M, M. Mimi nikayaona yale na nikanyamaza, nikidhani hayana madhara.

Siku ya kliniki tulikwenda sote watatu. Mimi sikuitwa, lakini nilisikia Shadya anakwenda, basi nani angenizuia? Hata chai sikunywa kwa hasira. Daktari alikuwa mwanamke, Daktari Dalal, mwenye sauti ya upole. Akafungua daftari.

"Hii M ni nini? Mchana?"

"Mwatima," akasema Wakil.

"Na S?"

"Shadya."

Daktari akatutazama mmoja mmoja, kisha akashusha kidole kwenye ukurasa, akisoma kwa sauti. M kumi na mbili. M kumi na tatu. S nane. S saba. M kumi na tatu tena. Nilitamani nimpokonye lile daftari nilimeze. Shadya alikuwa kainamisha kichwa, ati ana haya, na mimi naona kabisa shavu lake linavyocheza.

"Bi Mwatima, nipe kidole chako na wewe," akasema daktari.

"Mimi si mgonjwa."

"Nipe tu. Umekula?"

"Sijala."

Kumi na moja. Akanambia na mimi nimo, nibadilishe chakula, nirudi baada ya mwezi tuone kama na mimi n'tahitaji vidonge. Hayo yakapita sikio hili yakatokea lile, kwa sababu neno lililofuata lilinichoma zaidi. "Mzee Wakil," akasema, "nyumba moja inakutibu, nyumba moja inakuuguza. Mwezi ujao nikiziona namba hizi, utakaa Kikwajuni moja kwa moja mpaka sukari itulie."

Moja kwa moja! Kwa Shadya! Nilirudi nyumbani nikiwa nimeapa. Kama ni namba, n'tampa namba.

Kwenye simu mwanamke mmoja wa kundi letu la harusi alituma habari za supu ya kabichi. Siku saba, ati, mtu anakuwa mpya. Nikachukua kopo langu la sukari, nikamgaia jirani mbele ya macho ya Wakil, apate kuona mke anavyojitolea. Unga wa ngano nao nikaugawa, na samli. Zamu yangu ilipofika Wakil akapata supu ya kabichi asubuhi, supu ya kabichi mchana, na usiku maji ya ndimu na mdalasini. Mimi nilijipikia changu pembeni. Na mvunguni mwa kitanda niliweka boksi la halua, maana binadamu ana roho.

Asubuhi ya kwanza, M sita. Asubuhi ya pili, M tano. Ningekuwa na ngoma ningepiga. Wakil akenda Kikwajuni na njaa ya siku mbili, akala kila kilichowekwa mbele yake na cha watoto wa Shadya pia. S kumi. S kumi na moja. Nilipoiona ile S kumi na moja, Mungu anisamehe, nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Mume wangu sukari imempanda, na mimi nashangilia.

Zamu ya tatu ya kabichi, asubuhi, Wakil alimeza vidonge vyake, akanywa supu yake kimya kimya, akasimama kufunga vifungo vya shati aende kazini. Vidole vikawa havishiki. Jasho likamtoka mpaka kwenye kola.

"Mwatima," akasema, "nyumba inazunguka."

Nikamkalisha, nikamtoboa kidole. Mbili nukta nane. Sikuwahi kuiona namba ndogo kama ile. Nikashika simu, na jina la kwanza nililobonyeza, usinulize kwa nini, lilikuwa la Shadya.

"Kameza vidonge?" akauliza. "Kala nini?"

"Supu."

"Supu ya nini?"

"Ya kabichi."

"Mpe sukari! Mtilie maji ya sukari anywe, sasa hivi!"

"Sukari sina, Shadya."

"Huna? Nyumba gani haina sukari?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama, nikalivuta lile boksi, nikamkatia Wakil pande la halua, nikamlisha kwa mkono wangu huku nikimsomea kila dua niliyoijua. Akatafuna, akameza. Nikampa jengine. Baada ya robo saa hivi rangi ikamrudi, mikono ikatulia. Ndipo alipoliangalia lile boksi. Lilikuwa nusu, na kijiko changu kimo ndani.

"Mimi unaninywesha maji ya kabichi," akasema taratibu, "na wewe unakula halua?"

Afadhali angepiga kelele. Nikakikamata kijiko tu.

Shadya akaja kwa pikipiki, kanga kaivaa ndani nje. Akamwona Wakil, akaliona boksi, akaniona mimi. Hakucheka. Ningemsamehe angecheka. Akamchukua mume wetu hospitali, na mimi nyuma, na Daktari Dalal akaisoma ile mbili nukta nane mara mbili.

"Siku mbili za njaa na siku mbili za kufidia njaa," akasema, "huo si ulaji, hiyo ni vita. Na mwili wa huyu mzee ndio uwanja." Wakil akapelekwa Kikwajuni kwa mwezi mzima.

Nyumba ikawa kimya. Siku ya kwanza nikapika biriani la hasira, chungu kizima, nikala mpaka pumzi ikanitatiza, nikalia. Siku ya pili nikala kiporo chake. Siku ya nane, Ijumaa baada ya sala, nikashindwa. Nikavaa buibui nikenda Kikwajuni kwa miguu, nikione kwa macho yangu hicho anachompa. Nilikuwa na hakika ipo dawa. Watu wa shamba hawakosi dawa.

"Hodi!"

"Karibu, Bi Mwatima. Umefika wakati wa chakula, nawa mikono."

Sinia moja mkekani. Wakil, Shadya na watoto wake wawili wamelizunguka. Samaki wa kuchoma, mchicha mwingi, kunde, na katikati, khaa! wali. Wali wa nazi, kifungu kidogo.

"Na cha mgonjwa kiko wapi?" nikauliza.

"Mgonjwa gani?" akasema Shadya. "Hiki ndicho tunachokula."

"Na wali?"

"Kidogo. Juzi tulikula chapati, moja moja. Sikukuu tutakula biriani. Nani ataacha biriani maisha yake yote? Mimi siwezi."

Nikakaa, nikala. Kilichonikera ni kwamba kilikuwa kitamu. Na kilichonikera zaidi ni Wakil, aliyekuwa akila bila kulalamika wala kusifiwa, mkono wake pamoja na mikono ya wenziwe. Kwangu alikuwa akila peke yake, na mimi nimesimama mlangoni namhesabia matonge.

Nilipomsaidia Shadya kupeleka vyombo jikoni, akanigeukia ghafla, sufuria mkononi.

"Mwaka wa sita nnasikia habari za mkate wako wa kumimina," akasema. "Kila akija. Ati hakuna mkate kama wa Mwatima. Nauchukia mkate ule, Bi Mwatima, na sijawahi kuuonja." Akaitupa sufuria kwenye karai.

Wallahi, nilirudi Malindi nikitembea kama bibi harusi. Lakini njiani nikapitia sokoni Darajani, nikanunua mchicha.

Zilibaki wiki tatu. Zamu sikuwa nayo, wala mtu wa kumringia. Kila asubuhi nilisema leo ndiyo mwisho, kesho nakaanga maandazi. Sukari nilinunua tena, lakini chai niliipunguza kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kisha kimoja, na wiki ya kwanza nilimlaani Shadya kila nikinywa. Samaki nikamchoma badala ya kumkaanga. Kulikuwa na harusi, nikala biriani sahani moja, nikafurahi, na kesho yake nikarudi kwenye muhogo wangu wa kuchemsha bila kujilaumu wala kujinyima. Hilo ndilo lililonishangaza. Zamani ningesema nshaharibu, nikaharibu mpaka mwisho wa mwezi.

Siku ya kliniki ikafika. Sote hatujala. Daktari Dalal akafungua daftari: S saba, S sita, S saba, ukurasa mzima S.

"Sukari imetulia," akasema. "Mzee Wakil, unaweza kurudi kwenye zamu. Unasemaje?"

Wakil akaangalia sakafu. "Sijui, daktari. Kule kuna halua."

Akalisema mbele ya Shadya! Miaka ishirini na sita ya ndoa, na neno lililobaki ni halua. Machozi yalinijia na nikayarudisha. Nikaunyosha mkono wangu juu ya meza.

"Daktari, mwezi huu nimekaa peke yangu. Hakuna aliyenitazama nnakula nini. Namba ya Malindi iko hapa, itoe."

Akanitoboa. Kile kipimo kikahesabu taratibu, na sote wanne tukakiinamia.

"Saba," akasema Daktari Dalal.

Wakil akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akalivuta daftari, na chini ya zile S zote akaandika saba. Pembeni yake akatia M. Akaipulizia wino ukauke.

"Kesho nnakuja Malindi," akasema. "Utapika nini?"

"Mchicha na samaki. Na mkate wa kumimina, kipande kimoja."

Shadya akavuta buibui lake, akageuka akatazama dirisha ambalo halikuwa na cha kutazamwa. Jicho lile nalijua. Nilikuja nalo mimi asubuhi ile ile.

"Na wewe n'takuletea kipande," nikamwambia, "uuonje huo unaouchukia."

"Ukichelewa," akasema, bado katazama dirisha, "n'takuja kuufuata mwenyewe."